Naomba ushauri: usiku wa sindimba ndani ya ghala la korosho, Masasi

Mtoto wa Mkomaindo:
Wakuu, habari za wakati huu. Mdogo wangu wa kike anaolewa mwishoni mwa mwezi wa sita, nyumbani Masasi. Sisi ni Wamakonde wa Newala, wazee walihamia Masasi zamani. Bwana harusi ni Myao wa hapahapa. Kumbi tulizoulizia bei zimetushinda, na hata zingekuwa rahisi mimi nimechoka na sherehe za MC anayefokea wageni na spika zinazopasua masikio. Nataka baada ya kanisani na chakula, usiku ipigwe ngoma yenyewe, sindimba yetu Wamakonde, ya ngozi na mikono, watu wacheze.

Mjomba ameongea na chama cha msingi cha ushirika cha kijijini kwao. Wana ghala la zamani, kubwa, bati juu, sakafu ya saruji, milango miwili mipana. Mwezi wa sita korosho zimeshapigwa mnada zote, linakaa tupu. Wametupa kwa sharti la kulifanyia usafi tu. Wageni ni kama 200 na nusu yao wanatoka Dar, ngoma wameiona kwenye televisheni.

Nauliza: kikundi nakubaliana nacho vipi? Kucheza ndani ya ghala kuna ubaya? Bibi harusi anataka midimu itoke, wale wachezaji wa vinyago, inawezekana? Halafu baba ni mzee wa kanisa, Anglikana, akisikia neno ngoma ananuna siku nzima. Karibuni, matusi hapana.

korosho_ghafi:
Naweka kiti hapa. Mtwara kuchele!

Bint Mikindani:
Hongera kwa mdogo wako. Kabla ya yote, nenda kalione ghala kwa macho yako, usitegemee maneno ya mjomba. Msimu wa minada kweli umeisha, lakini mwezi wa tano na wa sita ndio pembejeo zinaingia. Uliza kama wameweka au wataweka salfa. Mikorosho inapuliziwa salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na ule unga ukikaa ndani hautoki kwa fagio. Watu 200 wakianza kukanyaga chini utapanda wote juu, macho yatawasha na watu watakohoa. Isitoshe salfa inashika moto. Kama iliwahi kukaa humo, osheni kwa maji sakafu na kuta, na muache likauke siku kadhaa milango ikiwa wazi. Kama bado imo, tafuteni pengine.

Mtoto wa Mkomaindo:
Dada, hilo la salfa halikunijia kabisa. Naulizia leo.

Mzee wa Kitangari:
Nimesoma. Mwanangu, wewe umesema ni Mmakonde wa Newala. Chinganga unakijua? Kile kingoma chembamba chenye mguu uliochongoka, kinachomekwa ardhini mpigaji akakipiga kwa vijiti. Kwenye saruji utakichomeka wapi?

Mtoto wa Mkomaindo:
Shikamoo mzee. Nakijua kwa kukiona. Hilo nalo sikuliwaza.

Mzee wa Kitangari:
Marahaba. Sasa sikiliza. Mwezi wa sita kwetu hakuna mvua. Ni kipupwe, mbingu safi, baridi kidogo. Mnajifungia chini ya bati kwa sababu gani? Ngoma inataka uwanja wa udongo, uliomwagiwa maji mchana ukashindiliwa. Inataka moto pembeni, kwa sababu ngozi ikipigwa na umande inalegea, na wapigaji watarudi motoni kuikaza mara nyingi kabla ya alfajiri. Moto huo utauwasha ndani ya ghala? Na watu wanataka kuzunguka, mtu aingie kati, atoke, mwingine aingie. Ndani ya ghala wageni watajipanga ukutani na simu zao mkononi, wachezaji wabaki peke yao kama wako mnadani.

Ghala msilikatae. Wekeni chakula humo, wazee wenye baridi, watoto wakilala. Ngoma iwe nje mbele ya mlango.

fundi wa mitambo:
Naunga mkono kwa upande wa sauti. Nimefunga mitambo kwenye maghala. Bati na ukuta wa saruji vinarudisha sauti ya ngoma hadi wimbo haueleweki, unasikia mvumo tu. Kama lazima iwe ndani, fungua milango yote, ning'iniza majamvi na vitenge vizito ukuta wa nyuma, wapigaji wakae mlangoni siyo katikati. Maiki moja tu, kwa anayeanzisha wimbo. Ngoma usiziwekee maiki, utajuta. Nje hata hiyo maiki moja huihitaji sana. Jenereta iende mbali, nyuma ya ghala.

Lukuledi Boy:
Mimi napingana na mzee kidogo, kwa heshima zote. Ghala linafaa. Binamu yangu alifanyia harusi ndani ya ghala, tukatandika mikeka juu ya saruji kwa ajili ya miguu, chinganga kikachomekwa kwenye ndoo pana ya mchanga uliolowana na kushindiliwa. Moto ulikuwa nje, kijana mmoja kazi yake ikawa kukimbiza ngoma mlangoni na kuzirudisha. Watu walicheza hadi kunakucha. Wageni wa Dar hawapendi vumbi, tuseme ukweli.

Mzee wa Kitangari:
Ndoo ya mchanga! Haya.

Chausiku wa Newala:
Kuhusu kikundi. Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri, anavijua vikundi vya wilaya nzima na kibali mtapitia kwake pia. Usisahau mtendaji wa kata na polisi, maana ni usiku. Ukikutana na kikundi usiulize bei kwanza, omba kuwaona wakipiga. Kuna vikundi vinapiga sindimba ya jukwaani, ile iliyoanza kusambazwa nchi nzima miaka ya 1960 kupitia kikundi cha ngoma cha taifa: dakika kumi za kiuno, makofi, kwisha. Hiyo haiwezi kubeba usiku. Unataka watu wanaoweza kuimba saa nzima bila kurudia, wanaowatania wageni kwa nyimbo za papo kwa papo. Wapigaji wazuri ukiwapa majina ya maharusi na vituko vya ukoo mapema, watawatungia. Waliopanda tamasha la MaKuYa, lile la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, pale Mtwara mjini wana uzoefu wa watazamaji wageni, ulizia.

Makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: wako wangapi, wanaanza saa ngapi, nani analipa gari, wanakula wapi. Wale kabla ya wageni, tafadhali. Nimeona wapiga ngoma wakiletewa ukoko saa saba usiku, na ngoma ikapigwa kiukokoukoko. Na fedha ya tuzo, ile wageni wanayowabandika wachezaji, semeni mapema ni ya kikundi, siyo ya kamati. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Diaspora Mnyonge:
Nilisoma Glasgow. Waskoti wana usiku wao wa dansi za jadi, wanauita ceilidh. Mara nyingine unafanyika kwenye ghala la shamba lililofagiliwa, fidla na akodiani vinapigwa papo hapo. Nusu ya waliohudhuria huwa hawajui kitu, kama wageni wako. Wanachofanya: mtu mmoja anasimama mbele, kabla ya kila dansi anawapitisha hatua bila muziki, taratibu, kisha muziki unaingia naye anaendelea kuwatajia. Kuna moja inaitwa Strip the Willow, mnazungushwa kwa mikono kutoka mtu hadi mtu mstari mzima. Kizunguzungu, lakini hakuna anayebaki kwenye kiti. Tafuta shangazi mmoja mwenye sauti umpe kazi hiyo.

Chausiku wa Newala:
Wazo zuri, ila sindimba haifundishwi kwa kuhesabu moja mbili. Shangazi asifundishe, awachukue kwa mkono mmoja mmoja awaingize. Na awaambie mapema wavae viatu vya chini.

Mzee wa Kitangari:
Shangazi, sawa. Sasa midimu. Wale hawaitwi kama MC. Mdimu anavalishwa mafichoni, asionekane na wanawake wala watoto, na anakuja akitokea porini, watu wanakimbia, wanarudi, wanamchokoza. Ndani ya ghala la milango miwili atatokea wapi, jikoni? Hilo litawezekana kama ngoma iko nje na kuna kichaka au nyumba ya kumficha upande wa giza. Tena nenda kwa wenyewe, na mjomba wako, na ukubali wakikataa. Kwa kawaida wanatoka kwa ajili ya wali, yaani vijana wanaotoka jandoni na unyagoni. Wapo wanaotoka kwenye sherehe siku hizi, lakini uamuzi ni wao.

Msafiri wa Ndanda:
Kwa baba yako. Mkumbushe kwa upole kwamba dayosisi yake ya Masasi ndiyo yenye historia ya kukaa na mila. Askofu wa kwanza, Vincent Lucas, aliyeiongoza kuanzia 1926 hadi 1944, ndiye aliyeingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Ukianza na ngoma utashindwa, anza na Lucas. Halafu mpe kazi: afungue usiku kwa sala. Mtu aliyefungua shughuli hawezi kuinunia.

Na upande wa bwana harusi msiwasahau. Wayao wana beni, ile ngoma ya kiaskari iliyotoka pwani ikaenea bara baada ya Vita vya Kwanza. Waacheni wapate zamu yao, tena kabla ya sindimba, maana sindimba ikishakolea hakuna wa kuizima.

Mtoto wa Mkomaindo:
Wakuu, asanteni sana. Nimepiga simu: salfa ya mwaka jana ilikaa pembe moja ya ghala, na shehena mpya inatarajiwa wiki ileile ya harusi. Kwa hiyo ndani hatuingii. Mjomba anasema mbele ya ghala kuna uwanja wa kuanikia, udongo mgumu, na varanda ndefu ya kupakulia mizigo. Wazee na wageni wa Dar watakaa varandani, ngoma chini yao. Chakula tutapikia kwa jirani. Mzee wa Kitangari, chinganga kitapata ardhi. Midimu nimemwachia mjomba. Baba nimemtajia Askofu Lucas, akaniuliza nimesoma wapi hayo, akaondoka. Hajanuna.

Limebaki moja. Vijana wanadai uraka, pombe ya mabibo ya korosho.

korosho_ghafi:
Uraka mwezi wa sita? Mabibo yatatoka wapi, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua! Atakayekuletea uraka siku hiyo kakuletea kitu kingine.

Bint Mikindani:
Na nipa, ile gongo ya mabibo, isikanyage hapo, hasa karibu na ule moto wa kukazia ngoma. Pikeni togwa, na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kutafuna usiku.