Benz C200 ya 2012 mita inasoma 68,000, ntajuaje kama ni za kweli?

Mwana_Fuoni

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Mie nna Vitz mwaka wa saba sasa nshaichoka, nimejikusanya kidogo kidogo alhamdulillah, na kuna gari nimeiona Kiembesamaki, Benz C200 ya 2012, ile W204 (ndio jina la toleo lake) ya taa mpya, rangi ya fedha. Dalali ananambia imeingia kutoka Japani 2019 na kaitumia mzee mmoja tu mstaafu, shamba haijapelekwa ila siku za Iddi. Mita inasoma 68,000 na kitu. Anataka milioni 24 na anasema maneno yapo.

Sasa nlipokaa ndani nikaona mambo mawili hayajanikaa sawa. Sukani upande wa kulia, pale mkono unaposhika, ngozi imelainika inang'ara kama kipara, na raba ya pedeli ya breki imelika mpaka chuma kinachungulia pembeni. Nikamuuliza dalali akanambia ah yakhe hilo jua la Zanzibar. Haya, sukani nakubali, lakini jua linaingiaje mpaka kwenye pedeli?

Fundi wangu wa mtaani Vitz anaifungua akiwa amefumba macho ila Benz anaiogopa, kanambia wazi mie hio siigusi. Na kosa jengine nlilofanya nlimchukua mama watoto kwenda kuiona, sasa kila siku ananiuliza gari yetu vipi. Naombeni mnisaidie, naanzia wapi?

SpanaKumi

Wa alaykum salaam. Umefanya vizuri kutizama pedeli, watu wengi wanatizama boneti inang'ara basi wanatoa pesa. Kilomita 68,000 pedeli haimalizi raba. Viti je? Tizama kiti cha dereva ule ukingo wa kulia unaosuguliwa na mapaja wakati wa kushuka, ukikuta umebonyea na ngozi imekatika na kiti cha abiria kiko kama kipya basi dereva kapanda na kushuka mara nyingi sana, na mzee mstaafu anashuka mara ngapi kwa siku? Msikitini na sokoni.

Namba ya pale mbele kuichezea si kazi kubwa siku hizi, mtu anachomeka kimashine anaandika anachotaka. Lakini Benz haiweki kilomita kwenye dashibodi peke yake. Kuna sehemu nyengine kwenye gari zinaandika, ile swichi unayochomeka funguo nayo ina hesabu yake. Halafu kuna jambo wachezeaji wengi wanalisahau, gari ikipata kosa lolote kompyuta inalihifadhi pamoja na kilomita zilizokuwepo siku ile. Nshawahi kusoma gari moja dashibodi inasema 74,000, na ndani kuna kosa la sensa limerekodiwa kwenye 131,000. Mwenye gari alikuwa kasimama pembeni yangu, hakusema neno, alichukua funguo akaondoka.

Kwa hivyo tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Benz yenyewe, sio kile kidude cha bluetooth cha kuunga na simu, kile kitakupa taa ya injini basi. Na mwambie akusomee MAKOSA YA ZAMANI na kilomita zake. Kama dalali kafuta makosa yote jana yake pia utajua, gari ya miaka kumi na kitu haiwezi kuwa safi kama maji ya mvua.

Na nenda asubuhi, usimwambie unakuja saa ngapi. Weka mkono juu ya boneti kabla hajawasha. Ikiwa na moto jua kashaiwasha kwa sababu kuna sauti hataki uisikie. Injini hio ya 1.8 yenye taimingi cheni, ule mnyororo wa ndani ya injini, ugonjwa wake ndio huo, cheni inavutika na zile gia za juu zinalika, ukiwasha baridi inalia krrrrr sekunde mbili tatu halafu inanyamaza, mtu asojua anasema ah gari ya Mjerumani inapasha misuli. Hio krrrrr ni mamilioni, na spea ya sawasawa huipati Darajani.

Nahodha_Kombo

Chukua Vitz nyengine ulale usingizi

Mwana_Fuoni

@Nahodha_Kombo 😂😂 mama watoto akiona hii komenti yako utanikosesha chakula

Mchangani_Boi

Mie ntasema lengine. Hapa kwetu watu wanafuata kilomita kana kwamba tunakaa Tanganyika, kisiwa chenyewe kutoka Nungwi mpaka Makunduchi kinaisha kabla hujachoka. Gari ya mtu wa kawaida anayekaa mjini hata kilomita elfu kumi kwa mwaka kuzipata ni shughuli. Kwa hivyo 68,000 INAWEZA kuwa kweli. Lakini uliza ilikuwa inafanya kazi gani, maana hizi Benz nyingi zilikuwa zinachukua wageni. Piga hesabu mwenyewe, uwanja wa ndege mpaka Nungwi ni kama kilomita 60, kwenda na kurudi 120, safari mbili kwa siku 240, siku 25 za mwezi ni 6,000. Mwaka mmoja ni 72,000! Yaani mwaka mmoja tu wa wageni unaipita hio mita nzima. Na hapo hujahesabu zile saa anazokaa uwanjani injini inaunguruma na AC imewashwa anasubiri ndege iliochelewa, mita inasimama lakini injini inazeeka.

Utaijuaje gari ya wageni? Fungua buti, tizama ule ukingo wa bampa ya nyuma ambapo masanduku yanaburutwa. Ukikuta mikwaruzo mingi ya kushuka chini umemaliza. Na nyanyua zulia la buti na mazulia ya chini unuse na upapase, kama amepeleka watu Paje na Nungwi mchanga mweupe haumalizi hata uoshe mara mia, unakaa kwenye reli za viti. Gari yangu mie nimeiuza juzi na mchanga wa 2017 umo.

Na sasa la muhimu kuliko yote hayo kwa sisi watu wa pwani: CHUMVI. W204 ina fremu ya nyuma chini, ile inayoshika magurudumu na difu, inajulikana duniani kwa kuoza na kutu, Marekani na Ulaya wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji wamelia sana. Sasa wewe gari inaegeshwa mita mia kutoka baharini miaka mitano unategemea nini. Usikubali kuitizama chini ikiwa juu ya jeki, iingize kwenye shimo, chukua bisibisi ugonge taratibu. Chuma kizima kinalia tin, kilichooza kinalia pufu na bisibisi inazama. Na ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpyaa inanukia, shukuru Mungu uondoke.

BintiChake

Kaka Mwana_Fuoni hayo ya mafundi sawa lakini hujauliza karatasi. Mie niliagiza yangu Japani mwenyewe ikashushwa bandari ya Malindi hapo Unguja nikaivusha na meli mpaka Mkoani, Pemba, kwa hivyo haya nimeyapitia. Gari ikitoka Japani inapewa cheti cha kusafirishwa nje, na kwenye kile cheti huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao wa lazima. Wenzetu gari mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu halafu kila baada ya miwili, na kila mara wanaandika mita. Mwambie dalali akupe kopi. Alieagiza lazima alikuwa nacho kwa sababu bila ya hicho huwezi kutoa gari bandarini. Akikwambia kimepotea mwambie haya, na ile karatasi ya mnada, wanayoandika hali ya gari inapouzwa mnadani kule Japani? Ile ina alama, 4 na 4.5 ni gari nzuri, ikiwa na R au RA maana yake imegongwa ikatengenezwa. Na kile kimchoro cha gari chenye herufi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W imenyooshwa, S ni kutu, XX kipande kimebadilishwa. Usibabaishwe na mwaka ukiona H24, hio ni hesabu ya mfalme wao, ndio 2012.

Lakini karatasi nazo zinachapwa upya siku hizi, basi linganisha namba ya chesisi ya kwenye karatasi na ya kwenye nguzo ya mlango na ya chini ya kioo cha mbele, herufi kwa herufi, tarakimu zote 17.

Na dogo moja la mwisho. Fungua mlango wa dereva utizame pale pembeni kwenye nguzo, au ndani ya boneti. Wajapani wakibadilisha oili wanabandika kikaratasi kina tarehe na kilomita. Wachezeaji wanageuza mita halafu kikaratasi wanakisahau kwa sababu hawajui kusoma. Elekeza kamera ya simu itakutafsiria. Ila soma vizuri kaka, namba nyengine pale ni ya oili INAYOFUATA, sio ya siku ile, usije ukamtuhumu mtu bure.

Crown_ya_Babu

Mnamtisha kijana. Crown yangu ina 190,000 za kweli kabisa na haijanilaza njiani hata siku moja. Bora gari ya 150,000 ilobadilishwa oili kwa wakati kuliko ya 60,000 iliolala. Mita ni namba tu

SpanaKumi

@Crown_ya_Babu mzee wangu nakubaliana nawe nusu. Kilomita nyingi si ugomvi. Ugomvi ni kuambiwa uongo, kwa sababu aliekudanganya mita amekudanganya na ya giaboksi na ya ajali. Na Crown na Benz haziendi hesabu moja, Crown ikiharibika spea imejaa.

Nimesahau jengine, kwenye W204 kuna kufuli la sukani la umeme. Likifa unachomeka funguo, gari inakaa kimya, haiwaki, sukani haifunguki. Linaweza kufa bila ya kukupa salamu. Uliza kama lishabadilishwa, na chomeka na kuchomoa funguo mara kumi usikilize ule mlio wa kijimota, ukichelewa au ukikwama ujue siku zake zinahesabika.

Mwana_Fuoni

Ndugu zangu nimerudi. Jana nimekwenda saa moja kasoro asubuhi, dalali katoka na msuli hajui hili wala lile. Boneti ilikuwa baridi nashukuru. Akawasha, ikalia krrrr kidogo, sio sana, sekunde moja hivi, akaniambia hio pampu ya mafuta.

Mchanga nimeupata! Chini ya kiti cha abiria wa nyuma, kwenye reli, mweupe kabisa kama sukari. Na ukingo wa buti umekwaruzika kama ubao wa kukatia mboga. Nikafungua mlango wa dereva nikainama pale aliposema BintiChake, sikuona kitu. Nikafungua boneti, pembeni ya betri kipo kikaratasi cha njano kimefifia. Nikaelekeza simu. Tarehe Machi 2018, kilomita 91,400, na chini yake ya oili inayofuata 96,400. Nimesoma mara tatu dada usiwe na wasiwasi.

Nikamwita dalali nikamuonesha. Akakitizama akasema ah hichi cha gari nyengine. Nikamuuliza na boneti nayo ya gari nyengine? Akacheka peke yake, halafu bila ya mie kumwambia kitu akaanza kushuka, milioni 22, milioni 20 na nusu, na cheti cha Japani akasema kiko kwa mwenye gari yuko Dar, atakileta wiki ijayo inshallah.

Sijarudi. Mama watoto nimemwambia ina mashaka, akaniuliza mashaka gani na AC inapiga vizuri. @SpanaKumi kuna nyengine nimeisikia iko Mombasa, hio ya Mombasa ya hapa Unguja, sio ya Kenya, ya 2013, mita inasoma 143,000 na mwenyewe hajaificha. Jumamosi una nafasi? Mafuta na chakula juu yangu, na mashine yako uje nayo.

SpanaKumi

Jumamosi baada ya adhuhuri. Mwambie asiiwashe.