Ushauri: somo la imani na utii kwa vijana, nimchukue nabii gani?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili ijayo ni zamu yangu kufundisha vijana kanisani, dakika 60, mada "Imani na utii: tujifunze kwa nabii". Eliya na Yona wamefundishwa mpaka vijana wanakumalizia sentensi. Naomba nabii mwingine na namna ya kulipanga somo, lisiishie kwenye "tii ubarikiwe".

MwanaBeroya: Asifiwe sana mtumishi. Mchukue Yeremia, tena sura ya 32 peke yake. Kitabu kina sura 52, ukikigusa chote saa itaisha ukiwa kwenye utangulizi.

Ni mwaka wa 10 wa Sedekia, mfalme wa Yuda. Wababeli wameuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika ua wa walinzi kwa kutabiri kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo binamu yake Hanameli anapomjia: ninunulie shamba langu la Anathothi. Anathothi ni kwao, kama kilometa 5 kutoka mjini, nje ya kuta, na huko nje ni jeshi la adui linalotamba. Waulize vijana nani kati yao angenunua kiwanja hicho.

Kisha someni mstari wa 9 hadi 14 polepole, maana utii wote umo humo. Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani (Yuda bado haijatumia sarafu, thamani ni uzito). Hati inaandikwa, mashahidi wanatia sahihi, muhuri unapigwa. Nakala ni mbili: ya wazi ni ya kusomwa, iliyofungwa kwa muhuri inabaki ushahidi endapo mtu atachezea ile ya wazi. Zote anapewa Baruku, karani wake, azitie katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Mtu asiyeamini hahangaiki kutunza hati.

Shekeli moja ni kama gramu 11, kwa hiyo zote hazifiki gramu 200. Pima sukari ya uzito huo, ifunge kwenye mfuko, ipite mkono kwa mkono. Beba na karatasi mbili na chungu chenye kifuniko.

Mama Ibada: Naunga mkono. Dakika 10 hali ya mji, 20 kusoma na vile vifaa, 20 maswali, zinazobaki maombi.

Mahali walimu wengi wanapokosea ni mstari wa 17, kwamba hakuna lililo gumu kwa Bwana. Wanaurukia huo, wanashangilia, wanafunga Biblia. Endelea mpaka wa 25. Yeremia anamuuliza Mungu waziwazi: mji umeshatiwa mikononi mwa Wakaldayo (ndio Wababeli), nawe unaniambia ninunue shamba? Halafu rudi wa 16 uone wakati: ameshamkabidhi Baruku hati ndipo anaomba. Alitii kwanza, akabaki na swali lake, akalipeleka kwa aliyemtuma. Vijana wenye maswali wanahitaji sana kuliona hili, kwa sababu wengi wamefundishwa kwamba kuuliza ni kukosa imani.

Mlinzi wa Zamu: Tahadhari wapendwa. Sura hii inatumiwa vibaya: "Mungu amesema na mimi, uza, toa, nunua leo leo." Mwonyeshe kijana mstari wa 8. Neno lilikuja kwanza, kisha Hanameli akaja mwenyewe na maneno yaleyale, na *ndipo* Yeremia akajua ni neno la Bwana. Tena lilikuwa jambo la sheria, haki ya ndugu wa karibu kukomboa ardhi, Walawi 25:25. Katika 42:7 alisubiri siku 10 kabla ya kuwajibu watu waliomtaka aulize kwa Bwana. Nabii mwenyewe hakukurupuka.

Na lile la "tii ubarikiwe" linajibiwa humu humu. Sura ya 16 ilimkataza kuoa na kuzaa, na ya 43 inamwonyesha akichukuliwa Misri. Hatusomi popote kwamba alivuna hata zabibu moja katika shamba lile. Ahadi ya 32:15, kwamba nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi hii, ilikuwa ya taifa.

Muuliza: Mbarikiwe sana. Moja limebaki: katika 37:12 Yeremia anatoka kwenda nchi ya Benyamini kupokea sehemu yake. Ndilo shamba hili?

MwanaBeroya: Usiliunganishe, andiko halisemi hivyo. Safari ile ilitokea kabla: alikamatwa langoni akidaiwa anawakimbilia Wakaldayo, akafungwa, na kwenye 37:21 akahamishiwa ua wa walinzi, ambako sura ya 32 inamkuta. Kitabu hakifuati mpangilio wa miaka, hivyo andika ubaoni "37, kisha 32" kabla hujaanza. Wasipoambiwa watakwama kwenye ratiba, na dakika zako 20 za maswali zitaishia hapo.