Vocha za WiFi: nipange bei vipi ili mtandao usikwame jioni?

AntenaJuu: Wakuu, habari. Nauza WiFi ya vocha mtaani. Laini ni Mbps 30, ruta MikroTik, vocha ni moja tu: saa 24 bila kikomo kwa sh. 1,000. Mchana shwari, ila saa 1 hadi saa 5 usiku wanaingia watu kama 40, lawama tupu. Nipandishe iwe 1,500 au niuze kwa GB?

FundiWaya: Usifanye lolote kati ya hayo. Laini unailipia itumike isitumike, kwa hiyo bei ikipanda saa zote utamkimbiza na wa mchana asiyembana mtu. GB nazo hazisemi zimetumika lini: GB 5 za saa 9 usiku hazimuumizi yeyote, GB 1 ya saa 2 usiku inawabana wote. Uza muda. Acha 1,000 ya saa 24, ongeza ya mchana kwa 500 na ya usiku wa manane kwa 300. Mteja akiona punguzo anahama mwenyewe. Ukiiita "nyongeza ya jioni" atahamia kwa jirani.

Kebo6: Kwanza ruta. Weka max-limit (kikomo cha kasi) 27M, yaani Mbps 27, siyo 30M, ili foleni ijipange kwako, siyo kwa anayekuuzia laini. Tumia PCQ, foleni inayogawa kasi sawa kwa kila aliye hewani: dst-address kwa kupakua, src-address kwa kupakia, pcq-rate 0 (bila kikomo maalum kwa kila mtu). Watu 40 wakiwa hewani kila mmoja anabaki na takriban kbps 675. Na zima fasttrack (njia ya mkato ndani ya ruta), maana pakiti zake zinaruka simple queue (foleni unayoweka PCQ), halafu utasema PCQ haifanyi kazi.

AntenaJuu: Shukrani. Na wanaotaka kasi ya uhakika jioni?

FundiWaya: Tenga madaraja mawili, Haraka na Kawaida. Mwanahisabati Andrew Odlyzko alilipendekeza hilo kwa intaneti akiiga metro ya Paris ya zamani: mabehewa ya daraja la kwanza yalifanana na ya pili, ila nauli kubwa ilipunguza msongamano. Haraka ipe limit-at (kasi ya uhakika) 15M, Kawaida 12M, zote max-limit 27M chini ya mzazi mmoja (foleni kuu), ili upande mmoja ukipoa mwingine uchukue. Haraka iuze 2,000, vocha 7 tu kwa jioni, hapo kila mmoja ana zaidi ya Mbps 2. Zikigombaniwa, pandisha bei. Ukiongeza idadi, Haraka itakuwa Kawaida ya bei mbaya.

Kebo6: Halafu MikroTik nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika saa inapotea, vocha ya mchana inafanya kazi usiku. Washa NTP client, ruta ichukue saa sahihi mtandaoni. Scheduler (ratiba ya ruta) ikifunga vocha za mchana saa 12 jioni, iwaondoe pia waliomo kwenye active (orodha ya walio hewani). Za manane usizifungue zote saa 6 kamili, simu zitaanza kupakua kwa pamoja. Nusu saa 5:30, nusu saa 6:30. Baada ya wiki mbili tazama grafu: kama saa 2 usiku bado imegota 27M na Kawaida wanalia, bei imefika mwisho wake, nunua laini kubwa.