Trauti wa mito ya milimani: nzi wa kuelea, wa kuzama, au wote wawili?

MajiBaridi:
Habari wakuu. Nimezoea kuvua trauti mabwawani, ambako maji yametulia na mtu anarusha mshipi mbali bila haraka. Sasa nahamia mito ya milimani: maji ya kasi, mawe makubwa, vidimbwi vidogo katikati. Najiuliza nianze na nzi (ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) wa kuelea, nzi wa kuzama, au niwafunge wote wawili kwenye mshipi mmoja. Kuna rafiki anayeniambia niache kabisa fimbo yenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), nichukue tenkara, fimbo ya Kijapani isiyo na rili. Mnashaurije?

Ndoana14:
Karibu mkuu. Mimi nasema nzi wa kuzama, bila kusita. Trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, kwa sababu wadudu wengi anaowala hukaa kwenye mawe ya mtoni wakiwa mabuu kwa miezi mingi, na huku juu huonekana kwa muda mfupi tu. Halafu sakafu ya mto hupunguza kasi ya maji. Samaki anatulia pale chini bila kuchoka, chakula kinampitia mdomoni.

Kazi ni kumfikisha nzi kule kabla mkondo haujampitisha. Tumia nzi mwenye shanga ya tungsteni, metali nzito sana. Sentimita moja ya ujazo ya tungsteni ina uzito wa gramu 19 na ushei, wakati madini ya risasi yana gramu 11 hivi, kwa hiyo shanga ndogo ya milimita 3 inazama haraka bila kumfanya nzi awe mnene. Ukiona ndoana inagusa mawe mara mojamoja, uzito umekaa sawa. Ikinasa kila ukirusha, punguza.

BintiMto:
Ndoana14, hayo ni kweli kwenye mashimo yenye kina. Ila sehemu kubwa ya mto wa mlimani maji yanafika magotini tu, na hapo trauti anaona chakula cha juu vizuri na hana safari ndefu ya kukifuata. Pia hana muda wa kukichunguza. Kinapita mara moja, aidha adake au akikose. Ndiyo maana nzi wa ndoana ya ukubwa namba 12 au 14 aliyefungwa kwa manyoya ya paa, anayeelea vizuri hata kwenye mawimbi, anatosha hata kama hafanani sana na mdudu yeyote.

MajiBaridi, zingatia hili moja: tazama mapovu yaliyo karibu na nzi wako. Nzi aende sambamba nayo. Akiyapita, akibaki nyuma, au akichora mstari juu ya maji, mshipi unamvuta na samaki ameshamkataa. Inua ncha ya fimbo mpaka ubaki uzi mwembamba tu wa mwisho majini.

Mkondo:
BintiMto amegusa penyewe, na ndiyo maana kwangu swali la juu au chini linakuja baadaye. La kwanza ni mshipi wako umelala wapi. Kati yako na samaki kuna mikondo mitatu au minne, kila mmoja na kasi yake. Ukirusha mita kumi kama bwawani, yote inaushika mshipi, na nzi yeyote ataburuzwa, awe wa juu au wa chini.

Sogea. Trauti huelekeza kichwa maji yanakotoka, kwa hiyo mpandie kutoka chini, ukiwa umeinama, mpaka ubakishe mita nne au tano. Kelele ya maji yaendayo kasi inakuficha, na uso uliovurugika unamzuia kukuona vizuri.

Hapo ndipo tenkara inaposhinda. Ilizaliwa kwenye mito ya milimani ya Japani: fimbo ndefu ya mita 3 hadi 4, haina rili, mshipi unafungwa kwenye ncha na urefu wake unakaribiana na wa fimbo. Karibu mshipi wote unakaa hewani. Inashindwa penye matawi yaliyoinamia mto, kwenye upepo mkali, na samaki mkubwa akikimbilia maji yaendako, maana huna mshipi wa kumwachia.

Ndoana14:
Kwa umbali huo nakubali, hata nzi wa kuzama huvuliwa hivyohivyo, mshipi ukiwa juu. Uzi wa mwisho usizidi milimita 0.15 au 0.18. Mnene hushikwa na maji na kumzuia nzi asizame.

MajiBaridi:
Asanteni sana. Na hao nzi wawili pamoja?

BintiMto:
Kwa anayeanza, hiyo ndiyo ningemshikisha. Funga uzi kwenye kona ya ndoana ya nzi wa juu, urefu wake uzidi kidogo kina cha maji, kisha funga nzi mdogo mwenye shanga. Wa juu akisita, akizama au akienda kando, inua fimbo papo hapo. Usisubiri kuhisi mvuto mkononi, samaki huwa ameshatema. Rusha taratibu mara moja tu, kuzungusha mshipi hewani kutawasokota.

Kipimajoto:
Kabla ya kuchagua nzi, pima maji. Yakiwa chini ya nyuzi 8 za Selsiasi, trauti ni mzito, mpelekee nzi chini kabisa. Kati ya 10 na 16 anakula kwa bidii, na wa kuelea ana nafasi nzuri. Yakifika 20, kunja fimbo. Maji yenye joto yana oksijeni kidogo, na samaki aliyepigana anaweza kufa hata ukimwachia akiogelea vizuri.

Na bana kijino cha ndoana (kile kinachoizuia isichomoke) kwa koleo kabla hujaingia mtoni, ulowanishe mikono kabla ya kumshika. Mkono mkavu unamvua ule utelezi unaomkinga na magonjwa.

MajiBaridi:
Nimeelewa. Nafunga wawili, naanza na vidimbwi vya magotini, na kipimajoto kinaingia mfukoni.