Tupeane uzoefu: Nani ametumia madabodi yenye pini zilizopinda kwenye soketi ya prosesa?

Wakuu habari zenu. Naanza na yangu.

Niliuziwa madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya H110, soketi ya LGA1151, kwa bei ya kutupa. Nilikuwa na prosesa ya Intel i5-6500 imekaa kabatini. Muuzaji akaiwasha mbele yangu, picha ikaja, nikalipa. Kufika nyumbani nikaweka ramu mbili za 8GB, kompyuta ikaona 8 tu. Nikazibadilisha nafasi, vilevile. Nikatoa prosesa na kumulika soketi kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Pini zote zimeinamia upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo, isipokuwa tatu zilizolala kivyake.

Kwa wasiofahamu, kwenye kompyuta za mezani za kawaida Intel walizihamishia pini kwenye soketi tangu LGA775 mwaka 2004. AMD wakafuata kwa AM5 mwaka 2022. Pini nyingine ni za umeme na ethi, nyingine zinakwenda kwenye ramu, nyingine kwenye kadi ya grafiki. Na kwa kuwa kinachoendesha ramu siku hizi kimo ndani ya prosesa yenyewe, pini isipogusa, sloti ya ramu inakufa hata kama sloti ni nzima kabisa.

Nimeitumia hivyo miezi minne bila kuzima, ila roho haitulii. Wenzangu mlifanyaje?

Mdau wa 2
Mkuu, shukuru ni ramu tu. Yangu pini mbili zilikuwa zimegusana. Nikabonyeza swichi, feni ikazunguka kidogo ikasimama. Mimi nikadhani ni pawa saplai, nikarudia kama mara tano. Prosesa ile haikuwaka tena hata kwenye bodi ya jirani. Pini ikiwa imelala peke yake unaweza kuvumilia, lakini ikigusa mwenzake usiwashe kabisa.

Mdau wa 3
Mimi nilikata moja kabisa, LGA1155, nikijaribu kuinyanyua. Nilikosa usingizi siku hiyo. Nikatafuta ramani ya pini kwenye nyaraka za Intel, nikahesabu safu kwa herufi na namba, nikakuta ni VSS, yaani ethi, na hizo ziko nyingi mno. Mashine iko kwa mdogo wangu chuoni, mwaka wa tatu huu anafanyia kazi zake zote. Ingekuwa pini ya ramu nisingesimulia hivi.

Mdau wa 4
Kwa upande wa AM4, soketi ya AMD kabla ya AM5, mambo ni tofauti, pini 1331 ziko kwenye prosesa. Nilivuta hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ya Ryzen 5 3600 ikiwa baridi, pesti ya kupitisha joto imekauka, ikang'oka na prosesa yake huku soketi imefungwa! Safu nzima ya pembeni ikalala. Nilinyoosha kwa penseli ya kubonyeza ya 0.5 niliyoitoa risasi: mdomo wake unaivaa pini moja, unainyanyua taratibu. Kadi ya benki ya zamani nikaipitisha katikati ya safu kuzipanga. Siku hizi naiwasha kwanza ipate moto, nazima, nachomoa waya, halafu naizungusha hitisinki kushoto kulia kabla ya kuinyanyua.

Mdau wa 5
Mimi ni fundi. Pini za kwenye soketi usizitumie penseli, ni bapa na zina mkunjo wake. Tumia sindano nyembamba au kibano chenye ncha kali, pamoja na lenzi. Isukume kwa kuifuata ilivyoinama kiwandani, kidogo kidogo, mara moja. Ukiikunja na kuikunjua mara tatu inakatika. Kitambaa usikipeleke humo, kinanasa. Na ukinunua bodi bila kile kifuniko cha plastiki cha soketi, omba uione soketi tupu kabla ya kutoa hela. Kuwaka peke yake si ushahidi: jaza sloti zote za ramu, weka kadi ya grafiki, angalia kwenye programu ya GPU-Z kama inasoma x16, yaani njia zote 16 za kadi.

Mdau wa 6
Naongezea kwa uchungu. Nilirudisha bodi mpya dukani, wakaniambia pini nimepinda mwenyewe. Sikuwa na picha, ikaishia hapo. Tangu siku hiyo napiga picha soketi papo hapo kaunta.

Mwanzisha mada
Mrejesho wakuu. Jana nimekaa saa nzima na sindano na lenzi ya mzee ya kusomea. Mbili zimenyooka vizuri, ya tatu imesimama nusu. Nikafunga prosesa mikono ikitetemeka. Bayosi imesoma 16GB! Nimeiacha na MemTest86, programu ya kupima ramu, usiku kucha, asubuhi hakuna kosa hata moja. @Mdau wa 5 Mungu akubariki fundi. Ile ya tatu sitaigusa tena.