Mjadala: Mke aandikwe mwanachama wa ushirika wa kahawa, au jina la mume latosha?

Mada: Nchini Uganda, huko Kasese na kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wanawake hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuchuma, kuosha na kuanika kahawa. Daftari la ushirika na malipo, mara nyingi, ni vya mume. Kahawa huhesabiwa zao la baba, maharagwe ya mama. Tuendelee hivi?

Mpimaji wa ubora, Mbale: Mimi naanza na tunda lenyewe. Kahawa nzuri ya arabika huchumwa ikiwa nyekundu tu, hukobolewa siku hiyohiyo, huachwa ichachuke saa 12 hadi 36 kulingana na baridi, huoshwa mpaka utelezi uishe, kisha huanikwa juu ya kichanja hadi unyevu ushuke kufikia 12%. Ikianikwa chini kwenye udongo inaota ukungu. Kazi hii inataka mtu wa kusubiri, kugeuza na kufunika mvua ikija, na mtu huyo ni mama. Asipojua atapata nini mwishoni, asubiri kwa ajili gani? Huchuma debe moja mapema, mbichi, akamuuzia mchuuzi apate chumvi na sabuni. Mume akinusa, naye huiuza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa. Punje mbichi hukwama kwenye mashine ya kukoboa, huvunjika, na kikombeni huleta ukakasi. Zikichanganywa na nzuri, mzigo wote hushuka daraja.

Mwenyekiti wa kikundi, Bulambuli: Ndugu mpimaji, kuhusu ubora sibishani nawe. Lakini ardhi ni ya ukoo, na mambo yakiharibika ukoo humwita mwanamume. Pia mzigo mdogo ukigawanywa kwa wauzaji wawili, nauli ya bodaboda inalipwa mara mbili, na kilichobaki hakifiki ushirika, kinaishia kwa mchuuzi barabarani. Tena mke akishinda siku nzima kwenye mizani, nyumbani nani anapika?

Msaidizi wa sheria, Kasese: Mzee mwenyekiti, hakuna anayetaka kahawa igawanywe. Mzigo mmoja, mizani moja, risiti moja yenye majina mawili. Huku kwetu ushirika wa Bukonzo Joint unajulikana kwa kuchoresha wanachama wake mti wa nyumba. Mume na mke wanakaa na karatasi moja. Mizizini wanachora kazi: za mke upande mmoja, za mume upande wa pili, za pamoja katikati. Kwenye shina wanaweka mali na nani mwenye usemi juu yake. Matawini wanaweka matumizi: karo, chakula, pombe, nguo. Mti ukilalia upande, wote wawili wanauona bila kugombezwa na mtu. Halafu wanazungushia mambo machache ya kubadilisha na kuyarudia msimu ujao. Kosa la kawaida ni kuwachoresha wake peke yao. Mume hawezi kukubali mti ambao hakuuchora.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki. Tatizo ni neno mwenzi. Kuishi pamoja hata miaka 20 si ndoa kisheria. Waliooana kimila waisajili ndoa yao kwenye gombolola, yaani ofisi ya tarafa, wapate cheti. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022 yanampa mjane 20% ya mali marehemu asipoacha wosia, watoto 75%, wategemezi 4%, mrithi wa kimila 1%. Bila ushahidi wa ndoa, hiyo 20% ataidai kwa taabu kubwa.

Mpimaji wa ubora, Mbale: Swali la kupika lina uzito, mzee, ila halianzii kwenye mizani. Kuosha kahawa kunakula maji mengi, na jerikeni za lita 20 hubebwa na mama na mabinti. Mume au kijana mwenye baiskeli akiyachota yeye, saa za kupika zinapatikana. Mwanamume hapungukiwi na chochote kwa kubeba maji. Na malipo yakija kwa simu, majina mawili kwenye risiti hayasaidii kitu ikiwa laini ni ya mume na namba ya siri anayo peke yake. Wakubaliane kiasi kabla ya kuuza, fedha zitumwe kwenye laini mbili.

Mwenyekiti wa kikundi, Bulambuli: Hilo la laini mbili naweza kulipeleka kwenye mkutano. Lakini nyumba yenye wake wawili, aandikwe nani?

Msaidizi wa sheria, Kasese: Wote wawili, mzee, kila mmoja kwa kipande anachokilima, hata kama mume ni yuleyule. Pimeni kahawa kwa kipande, mwandike kilo za kila nyumba kando. Akiandikwa mmoja tu, yule mwingine ataendelea kuchuma mbichi. Na mume akifa, aliyeandikwa na asiyeandikwa, wajane wote watagawana hiyohiyo 20%. Ugumu utakuwa kwenye shamba ambalo wake wote wanalima pamoja. Hapo andikeni siku za kazi tangu palizi, kwa sababu mavuno yakishafika kichanjani hakuna atakayekumbuka.