Ukungu kwenye vyombo vya plastiki, je friza inaua?

Mama Makete: Habari zenu wakuu. Mimi nipo Makete na Julai huku mnaijua baridi yake, kabatini kila kitu kina unyevunyevu, mifuniko ya vyombo vyangu vya plastiki imeota ukungu mweusi kwenye ule mfereji wa ndani na karanga nazo zimeanza kuwa na ukijani. Shoga yangu kaniambia nitie vyote friza usiku kucha ukungu utakufa. Asubuhi nakuta chombo cha supu kimepasuka kitakoni!! Sasa ukungu umekufa au bado?

fundi_mabaridi: Pole dada. Friza haiui ukungu, inaulaza tu. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri haukui, ila vimbegu vyake vingi vinabaki hai na ukitoa kitu kikapata joto vinaendelea na kazi. Friji ya kawaida ndio usiseme, hata kwenye nyuzi 4 unakua taratibu. Nenda kafunue mikunjo ya mpira wa mlango wa friji yako uone weusi uliojificha mle, maji yanatuama na makombo yapo, ukungu unataka nini tena

Mzee wa Kalibu: Kuhusu kupasuka, geuza chombo uangalie namba kwenye pembetatu. Kama ni 5 hiyo ni polipropilini, kwenye moto iko vizuri sana lakini baridi ikishuka chini ya sifuri inakuwa kavu, ukiigonga kidogo tu imekwenda. Namba 2 na 4 ni polithini, hizo friza haizisumbui. Na naona ulijaza supu mpaka juu, maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9 lazima yasukume. Ona kile kinundu katikati ya kitako, hapo ndipo plastiki ya moto iliingilia kwenye kalibu, lile umbo la kutengenezea chombo, na ufa mara nyingi unaanzia hapo hapo.

Nesi wa Kijiji: Jamani karanga hizo TUPA. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haitoki kwa friza, na kukaanga hakuimalizi, na kuku au ng'ombe usiwape maana inapita mpaka kwenye maziwa. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu zaidi ya 100 kule Makueni na Kitui, na 2016 ikaja kwetu Dodoma na Manyara. Sio kitu cha kuonea huruma hela yako.

Mama Makete: Mungu wangu, nazitupa sasa hivi. Na mifuniko je?

Nesi wa Kijiji: Ukungu hauli ile plastiki ngumu mama, unakula mafuta na makombo yaliyoganda juu yake. Maji ya moto na sabuni, sugua ule mfereji kwa mswaki wa zamani, halafu loweka kwenye maji yenye jiki kidogo na usuuze sana, ila jiki usije ukaichanganya na siki, inatoa hewa ya sumu. Ukimaliza usifunike chombo kibichi, acha kikauke kabisa hata kama ni karibu na jiko. Kilichochubuka sana ndani kifanye cha kuwekea pegi.